Mtungi wa Kuzimia Moto Katika Gari la Mkulima

Siku hizi wakulima wengi wa skimu wana gari la namna fulani. Huyu ana pikapu ya kupelekea viazi sokoni, yule ana motokaa ndogo ya kubebea maziwa na kupeleka watoto shule, na wengine wamejiunga pamoja wakanunua trakta. Katika miaka ya 1960, skimu za kwanza zilipoanzishwa katika mashamba makubwa ya zamani, mkulima aliyepeleka maziwa kwa mkokoteni wa punda hakuhitaji somo kama hili. Gari ni kitu kingine. Lina petroli, lina waya za umeme, na lina chuma chenye moto mkali, na vyote vitatu vimewekwa pamoja chini ya boneti moja.

Mwezi huu basi tutajifunza jinsi ya kuchagua mtungi wa kuzimia moto, na jinsi ya kuufunga ndani ya gari. Jambo hilo la pili ndilo watu hulikosea zaidi, kwa hivyo tutalieleza kwa urefu.

Nilipata kuliona kosa hilo kwa macho yangu mwenyewe katika barabara ya udongo huko Kinangop. Mzee mmoja alikuwa akipeleka magunia ya viazi sokoni pamoja na mkewe. Moshi ukaanza kutoka pembeni mwa boneti. Mzee alisimamisha pikapu upesi, akazima injini, akamtoa mkewe. Mpaka hapo alifanya vema kabisa. Tuliokuwa nyuma tukakimbia kumsaidia.

"Mzee, una mtungi wa kuzimia moto?" nikamwuliza.

"Ninao, mwanangu, tena mpya. Uko huko nyuma, chini ya viazi."

Tulianza kushusha magunia. Kila mtu ajua uzito wa gunia la viazi la Kinangop. Tulipoufikia mtungi, moto ulikuwa umekwisha kuingia mahali pa kukaa watu na kioo cha mbele kilikuwa kinapasuka. Tulimwaga poda yote, na moto haukujali. Pikapu iliteketea yote, ikabaki mabati na chuma. Mzee alikuwa bado analipa mkopo wa gari lile.

Angalieni kwamba mtungi ulikuwa mzuri. Geji yake ilionyesha vizuri, na poda ilitoka kama ilivyopaswa. Ubaya ulikuwa ni mahali ulipowekwa.

Moto wa gari huanza mdogo. Mara nyingi huanza kwa paipu ya petroli iliyopasuka, au waya uliochubuka na kugusa bodi, au betri isiyofungwa ikasogea na ncha zake zikagusa chuma. Wakati mwingine ni panya aliyejenga kiota cha nyasi kavu karibu na ekzosi, hasa ikiwa gari limekaa ghalani muda mrefu. Katika dakika ya kwanza mtu mmoja mwenye mtungi mdogo aweza kuuzima moto huo. Baada ya dakika chache hawezi tena, na gari la zimamoto la kaunti liko mjini. Ukiwa kilomita 30 kutoka mjini, na barabara ni ya matope, hesabu mwenyewe litafika saa ngapi.

KUCHAGUA MTUNGI

Mitungi ni ya namna nyingi, na si yote inayofaa gari. Mtungi wa maji haufai, kwa sababu petroli ni nyepesi kuliko maji. Ukimwagia maji petroli inayowaka, itaelea juu ya maji na kuupeleka moto mahali pengine. Mtungi wa gesi ya kaboni ni mzuri kwa moto wa umeme ndani ya nyumba, lakini ni mzito kwa kipimo chake, na ukiwa nje penye upepo gesi hupeperushwa kabla haijafanya kazi. Mtungi wa povu huzima petroli vizuri, lakini ule unaotosha kufanya kazi hiyo ni mkubwa mno kwa gari dogo.

Unaofaa ni mtungi wa poda kavu. Poda hii husukumwa nje kwa nguvu ya gesi, na hufunika moto na kuukatiza mara moja. Tazama herufi zilizoandikwa kwenye mtungi. Herufi A ni kwa moto wa vitu vikavu kama nguo, mbao, nyasi na viti. B ni kwa petroli, dizeli na mafuta mengine. C ni kwa gesi. Chagua ulioandikwa ABC. Ikiwa umeandikwa BC tu, utazima petroli lakini hautauweza vizuri moto ulioshika kiti au magunia.

Mitungi mingi huwa myekundu yote, na kipande cha rangi huonyesha kilichomo. Kwa desturi ya Uingereza, ambayo huonekana sana hapa kwetu, buluu ni poda, nyeusi ni gesi ya kaboni, na rangi ya maziwa ni povu. Lakini soma maandishi pia, usitegemee rangi peke yake.

Kwa motokaa ndogo, mtungi wenye poda ya kilo 1 ndio mdogo kabisa wa kukubalika. Kwa pikapu ni afadhali kilo 2. Wengine husema kilo 1 yatosha kwa gari lolote. Mimi sikubali. Mtungi mdogo namna hii humaliza poda yake kwa muda wa sekunde 6 hadi 10 hivi. Mtu aliyeshtuka hupoteza sekunde mbili au tatu za kwanza akimwagia moshi badala ya moto, na hapo kilo 1 imekwisha kupungua sana. Tena kuna makopo madogo ya kupuliza, mfano wa kopo la dawa ya mbu, ambayo huuzwa kuwa ni ya kuzimia moto. Mengi ya hayo hayana geji, wala hayajazwi tena. Fedha hizo ongeza kidogo ununue mtungi wa kweli. Bei yake ni ndogo kuliko bei ya tairi moja jipya.

Unapofika dukani, fanya hivi kabla ya kutoa fedha. Tafuta alama ya shirika la serikali la viwango, KEBS. Angalia tarehe ya kutengenezwa au ya kukaguliwa. Tazama geji: mshale lazima uwe katika sehemu ya kijani. Pini ya usalama iwe mahali pake, na kifungo chake cha plastiki kisiwe kimekatwa. Mwisho, pima uzito. Juu ya mtungi huandikwa uzito wake ukiwa umejaa. Geji inaweza kuharibika, au kuchezewa na mtu mdanganyifu, lakini mizani haijui kudanganya namna hiyo. Ikiwa dukani hawana mizani, upime kwenye mizani ya chama mnapouzia mazao, na ukipungukiwa urudishe siku ile ile.

Kuna neno moja kwa wale wanaokaa katika nyumba za zamani za walowezi. Katika stoo za nyumba hizo huenda ukakuta bomba dogo la shaba ya njano, lenye mkono wa kuvuta na kusukuma. Zamani lilifungwa ndani ya motokaa, nalo lilitiwa dawa ya maji iitwayo kaboni tetrakloridi. Usilitumie, wala usiwape watoto walichezee. Dawa hiyo ikipata joto kali hutoa hewa ya sumu iitwayo fosjini, ambayo ni ile ile iliyotumiwa kuua askari katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Mitungi ya haloni iliyosifiwa sana hapo baadaye nayo imeachwa, kwa kuwa gesi yake huharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua.

MAHALI PA KUUFUNGA

Sasa tumefika penye kazi yenyewe. Kanuni ni moja: dereva aufikie mtungi bila kufungua boneti, bila kufungua buti, na bila kuhamisha mzigo.

Jaribu hivi. Kaa kwenye kiti cha dereva, funga mkanda, ufumbe macho. Sasa nyosha mkono. Mahali mkono wako unapofika bila kutafuta ndipo mahali pa kufikiria. Halafu toka nje, zunguka upande wa pili, fungua mlango wa abiria, jaribu tena. Mahali panapofikiwa kutoka pande zote mbili ndipo pazuri zaidi, kwa sababu hujui moto utakuwa upande gani, wala hujui kama ni wewe utakayeuchukua mtungi au ni mkeo.

Katika pikapu nyingi mahali hapo ni mbele ya kiti cha abiria, chini kabisa, mtungi ukiwa umelazwa kufuata upana wa kiti, na kichwa chake kikielekea kwa dereva. Miguu ya abiria hupita juu yake bila taabu. Katika pikapu nyingine kuna nafasi nyuma ya kiti cha dereva, ukutani, na mtungi unaweza kusimama hapo. Hiyo nayo yafaa, mradi ile nafasi isigeuzwe kuwa ghala la jembe, panga, makoti na kamba za ng'ombe, jambo ambalo hutokea katika juma la kwanza.

Mahali pasipofaa ni pengi. Usiuweke chini ya boneti, kwa maana huko ndiko moto utakakoanzia. Usiuweke nyuma penye mzigo. Habari ya mzee wa viazi mmekwisha kuisikia. Usiufunge mbele ya kiti cha dereva mwenyewe ikiwa waweza kuponyoka na kubiringika chini ya breki. Usiuweke juu, nyuma ya kioo cha mbele, mahali jua linapopiga. Mitungi mingi imeandikwa mwisho wa joto linaloruhusiwa, kwa kawaida digrii 60, na gari lililofungwa mchana kutwa juani hupata joto kali sana sehemu hiyo. Tena usiufunge mahali ambapo mfuko wa hewa wa usalama hufungukia, kama gari lako linao.

Usiuache huru sakafuni hata siku moja. Watu wengi hufikiri kwamba uzito wake utauzuia kusogea. Gari likigonga kitu likiwa na mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari husimama, lakini kitu kisichofungwa huendelea mbele kwa mwendo ule ule mpaka kigonge kitu kingine. Mtungi wa kilo 2, pamoja na chuma chake, una uzito wa zaidi ya kilo 3. Fikiri unampiga mtoto kichwani.

Pamoja na mtungi huja kishikio. Kitazame vizuri. Mara nyingi ni ndoano ndogo ya kutundikia ukutani, nayo ni ya nyumba, si ya gari. Kishikio cha gari ni cha chuma, chenye mikanda miwili ya chuma inayozunguka mtungi, na kifungo kinachofunguka kwa kuvuta mara moja kwa mkono mmoja. Vile vya plastiki hukauka kwa jua na kukatika. Usifunge mtungi kwa waya wala kwa mpira wa tyubu. Utakaa imara, ndiyo, lakini siku ya moto utatafuta koleo.

Kazi ya kufunga kishikio ni ya nusu saa, na wewe mwenyewe waweza kuifanya ukiwa na drili. Lakini kabla ya kutoboa, inua zulia utazame kama kuna waya zinazopita chini yake. Kisha ingia chini ya gari utazame upande wa pili. Paipu za petroli na za breki hupita chini ya sakafu, na katika motokaa nyingi tangi la petroli liko chini ya kiti cha nyuma. Mtu anayetoboa bila kutazama aweza kuuwasha moto ule ule anaojitayarisha kuuzima. Usiponielewa vizuri hapa, mpe fundi kazi hiyo.

Tumia bolti zinazopita mpaka chini, na huko chini tia washa pana kabla ya kukaza nati, ili bati la sakafu lisipasuke kwa mtikisiko. Skurubu fupi za kujichimbia zenyewe hazifai. Barabara zetu zitazilegeza kabla ya mavuno. Paka rangi kuzunguka tundu ili kutu isianze. Ikiwa hutaki kutoboa kabisa, fundi aweza kukata kipande cha chuma na kukifunga kwa bolti za mbele za kiti, kisha kishikio kifungwe juu ya chuma hicho. Lakini hakikisha kwamba kiti chaendelea kusogea mbele na nyuma, na kwamba bolti zile zimekazwa tena sawasawa, kwa kuwa ndizo zinazomshika abiria.

Mwisho tia kipande cha mpira kati ya mtungi na chuma cha kishikio. Bila mpira, mtikisiko huondoa rangi, na palipotoka rangi hushika kutu.

SIKU YA MOTO

Ukiona moshi au kunusa mpira unaoungua, simama kando ya barabara, uzime injini. Kuzima injini ni lazima, kwa sababu katika magari mengi pampu ya petroli huendelea kusukuma mafuta motoni mradi injini inazunguka. Toa watu wote, wapeleke mbali upande upepo unakotoka. Ndipo uchukue mtungi.

Usifungue boneti wazi. Hapa ndipo watu waungwana huungua uso. Moto ulio chini ya boneti umekosa hewa. Ukiinua boneti ghafula unaupa hewa yote uliyokuwa unaitamani, nao hukurukia. Vuta kile kifungo cha ndani tu ili boneti iinuke kidogo, kisha upulizie poda katika ufa huo, au kupitia mbele penye matundu ya rejeta, au kutoka chini.

Ushike mtungi ukiwa wima. Ndani yake kuna mrija unaofika chini, na ukiulaza gesi itatoka na poda itabaki. Vuta pini, simama kama hatua tatu, upepo ukiwa mgongoni, ubonyeze mkono wa mtungi. Elekeza poda kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake, ukiipeleka huku na huku. Moto ukizimika, usiende karibu mara moja. Poda haipozi chuma, na petroli ikidondokea ekzosi iliyo moto yaweza kuwaka tena. Kwa sababu hiyo usimalize poda yote ikiwa waweza kubakiza.

Ikiwa moto umeshika tangi, au umejaa ndani ya gari, au mtungi umekwisha na moto bado, liache gari liungue. Usirudi kuchukua simu wala maziwa. Mnakumbuka msiba wa Sachang'wan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009. Lori la petroli lilipinduka, watu wakaenda kuteka mafuta, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Moto wa namna ile mtungi wa gari si kitu mbele yake, na dawa yake ni kuwa mbali.

KUUTUNZA

Chagua siku moja ya kila mwezi ambayo huisahau. Siku ya malipo ya maziwa yafaa. Siku hiyo tazama mshale wa geji, tazama pini, halafu toa mtungi kwenye kishikio na uupindue juu chini mara kadhaa. Poda hushindiliwa na mtikisiko wa barabara mpaka ikakaa chini kama udongo, na kuupindua huilegeza. Tazama pia mdomo wa mpira au tundu la kutolea poda. Kule kwetu nyigu wa udongo hupenda sana kujenga humo, na mtungi ulioziba ni chuma cha kubeba bure.

Siku hiyo hiyo mwonyeshe kila mtu anayepanda gari lako jinsi ya kufungua kishikio na kushika mtungi, bila kuvuta pini. Mama wa nyumbani, kijana wa kupakia maziwa na watoto wakubwa wote wajue. Mara moja kwa mwaka upeleke kwa fundi wa mitungi akaukague na kuandika tarehe.

Wenye trakta waufunge mtungi juu ya matgadi, mbali na ekzosi, na wauvike mfuko wa kuzuia matope. Huko kilo 2 ni kidogo. Kilo 6 ni afadhali. Wakati wa kuvuna ngano au kukata nyasi kavu, chukueni na madumu ya maji pia, kwa kuwa moto wa nyasi uliozimwa kwa poda hufuka chini kwa chini na kuamka tena.

Ukisha kuutumia mtungi, hata kwa sekunde moja, usiurudishe kwenye kishikio ukadhani umebaki nusu. Chembe za poda hukwama penye valvu, na gesi huvuja polepole mpaka mshale ukalala. Upeleke ujazwe. Nayo injini isafishwe mapema, maana poda ya ABC ikipata unyevu hula waya na sehemu za aluminiamu. Kwanza ondoa ncha za betri, kisha ipulize au ifagie ikiwa kavu, ukiwa umefunga kitambaa puani, ndipo ufute kwa kitambaa chenye maji. Mpaka mtungi urudi kutoka kwa fundi, azima wa jirani, na mrudishie kabla ya siku yake ya soko.